Urari Ukilingana, Bado Hujamaliza: Mwongozo wa Kusoma Shahada ya Biashara Katika Uhasibu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vikuu vya Tanzania hupokea vijana wanaosema wamekuja kusoma “akaunti”. Aliyefaulu hisabati huingia darasani kifua mbele, aliyeiogopa huingia akitetemeka, na wote wawili wamekosea hesabu mapema. Hisabati inayotumika katika uhasibu wa fedha haivuki sana ile ya darasa la saba: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia. Ugumu uko kwenye kuamua. Fedha iliyolipwa leo ni gharama ya mwaka huu au ya mwaka ujao? Kilichonunuliwa ni mali au ni matumizi? Mteja asiyelipa tangu Machi bado tumhesabu kuwa mdaiwa, au tukubali kwamba hela imekwenda? Mwongozo huu ni wa anayetaka kuisoma shahada hii kwa miaka mitatu na kutoka akijua kuamua, pamoja na kupata cheti.

Hatua ya kwanza: chagua shahada kabla ya kuchagua chuo

Majina ya shahada hupotosha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Shule Kuu ya Biashara, hutoa Shahada ya Biashara yenye mkondo wa uhasibu. Mzumbe wana shahada ya uhasibu na fedha. IFM, TIA, CBE na Chuo cha Uhasibu Arusha nao wana za kwao, zenye majina yanayofanana lakini yaliyomo hayafanani. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kisha tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu ya kila shahada unayoifikiria. Uhasibu wa fedha, ukaguzi na kodi vikijitokeza zaidi ya mara moja, hapo kuna uhasibu. Ukiona masoko, rasilimali watu na ujasiriamali vimejaa, hiyo ni shahada ya utawala wa biashara, hata kama kipeperushi chake kina picha ya kikokotoo.

Kwa anayetoka kidato cha sita, sharti la msingi ni ufaulu wa masomo mawili yanayofikia pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kima cha chini tu. Vyuo vyenye waombaji wengi huchukua wenye pointi nyingi zaidi, na baadhi ya programu hudai kiwango fulani cha hisabati ya kidato cha nne. Anayetoka tahasusi ya ECA, yenye uhasibu, atakuta wiki za mwanzo ni marudio. Wa EGM au HGE ambaye hajawahi kuona leja asiogope, ila ajue kwamba mhadhiri hatamsubiri: yale ambayo mwenzake alifundishwa kwa miaka miwili, yeye atapewa muhula mmoja.

Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, yaandae sambamba na ya chuo. Kinachowakwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, au na mamlaka inayohusika kwa Zanzibar. Hilo lifanye wakati unasubiri matokeo, maana dirisha likishafunguliwa mtandao hulemewa na kila mtu.

Hatua ya pili: vifaa

Hapa hapahitaji maneno mengi. Nunua kikokotoo cha kawaida kisichohifadhi programu, kaunta buku mbili nene, rula na penseli. Kompyuta mpakato inaweza kusubiri hadi boom (mgao wa mkopo) la pili au la tatu. Kitabu cha Frank Wood kuhusu uhasibu wa biashara, kilichotoka mara ya kwanza 1967, kimelea wahasibu wengi wa Afrika Mashariki, na toleo lake la zamani kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba linatosha kabisa kwa kanuni ya maingizo mawili. Kwa viwango vya taarifa za fedha, kitabu cha zamani ni hatari. Viwango hubadilika, na ukimeza cha 2005 utajibu mtihani wa leo kwa sheria iliyokwisha kufutwa.

Hatua ya tatu: ingiza kwa mkono mpaka mkono uzoee

Hii ndiyo hatua ambayo ningekaa nayo muhula mzima wa kwanza, hata kama ratiba ya chuo inaipita kwa wiki chache. Chukua biashara moja ya kufikirika, uifuate tangu shilingi ya kwanza hadi mizania.

Tuseme mama mmoja wa Mbagala amefungua duka la vifaa vya ujenzi. Ameweka benki mtaji wa shilingi 10,000,000. Akachukua mali kauli ya 4,000,000 kwa msambazaji. Tarehe 1 Novemba akalipa kwa benki kodi ya pango ya miezi sita, 1,800,000. Hadi 31 Desemba, siku anayofunga hesabu, amekwisha kuuza bidhaa zilizomgharimu 1,500,000 kwa jumla ya 2,200,000: 1,500,000 ameziweka benki, na 700,000 bado ziko kwa fundi mmoja aliyekopa.

Kila tukio liandike pande mbili, debiti na krediti, na mbele ya kila ingizo andika sentensi moja ya sababu. Mtaji: debiti benki, krediti mtaji. Mali kauli: debiti bidhaa, krediti mdai. Endelea hivyo hadi mwisho, kisha simama kwenye kodi ya pango. Kwa haraka mtu ataidebiti yote 1,800,000 kuwa gharama. Faida ghafi ni 700,000. Ukitoa 1,800,000 unapata hasara ya 1,100,000, na mama wa watu ataambiwa duka linakufa. Lakini kufikia 31 Desemba ametumia chumba miezi miwili tu. Gharama ya mwaka huu ni 600,000, na 1,200,000 zilizobaki ni mali yake: ni haki ya kukaa humo miezi minne mingine. Duka limepata faida ya 100,000.

Sasa panga mizania. Benki 9,700,000, bidhaa 2,500,000, mdaiwa 700,000, pango lililolipwa kabla 1,200,000: jumla 14,100,000. Upande wa pili, mdai 4,000,000, mtaji 10,000,000 na faida 100,000: jumla 14,100,000. Imelingana.

Rudi nyuma uifanye kwa njia ile ya kwanza yenye makosa. Mali 12,900,000, mdai 4,000,000, mtaji 10,000,000, ukitoa hasara 1,100,000, unapata 12,900,000. Nayo imelingana! Mwanafunzi anayeamini kwamba hesabu zikilingana amepata atabeba kosa hili hadi mwaka wa tatu, na kutoka hapo hadi kazini. Urari hukuonyesha kwamba umeandika pande mbili sawa. Haujui kama uliandika ukweli.

Mfano wa aina hii ufanye mara nyingi, kila mara ukiongeza tatizo moja: uchakavu wa gari, mshahara wa Desemba ambao haujalipwa, mdaiwa aliyetoroka, mwenye duka aliyebeba mfuko wa saruji kwenda kujengea kwake. Hilo la mwisho linawashinda wengi, kwa sababu mtaani kwetu duka na mwenye duka ni kitu kimoja. Katika uhasibu ni watu wawili, na mmoja amechukua mali ya mwenzake.

Hatua ya nne: usiyadharau masomo ya pembeni

Mwaka wa kwanza una uchumi, hisabati za biashara, sheria, mawasiliano na masomo ya maendeleo. Wanafunzi huyaita ya kujaza ratiba, halafu GPA inawaumbua. Katika mfumo wetu wa alama 5, daraja la kwanza huanzia 4.4 na la pili la juu 3.5, na wastani huo hukusanya matokeo ya miaka yote. Anayemaliza mwaka wa kwanza na 2.9 atapanda mlima miaka miwili iliyobaki. Sheria hasa ichukulie kwa uzito. Sheria ya Makampuni ya 2002 utakutana nayo kwenye hisa, gawio na ukaguzi, na hisabati za thamani ya fedha kwa wakati zitakurudia kwenye masomo ya fedha.

Hatua ya tano: jifunze kusoma kiwango chenyewe

Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, tarehe 1 Julai 2004. Mwaka wa pili ndipo vinapoingia kwa nguvu, pamoja na vile vya zamani vinavyoanza na herufi IAS. Wengi husoma muhtasari wa mhadhiri na kuishia hapo. Soma kiwango chenyewe, hata kurasa chache, ukiwa na maswali manne: kinahusu nini na hakihusu nini, kitu kinaingia lini vitabuni, kinaingia kwa thamani gani, siku ya kwanza na baadaye, na msomaji wa hesabu anapaswa kuelezwa nini. Karibu kila kiwango hujibu maswali hayo.

Chukua IFRS 16, iliyoanza kutumika 1 Januari 2019. Kampuni inayokodi jengo kwa miaka mitano huandika haki ya kulitumia kuwa mali, na malipo yatakayofuata kuwa deni. Ukodishaji wa miezi 12 au pungufu unaweza kuachwa ubaki gharama ya kawaida, ndiyo maana pango la mama wa Mbagala tulilishughulikia vile. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kodi ya pango ni gharama anakwama hapa. Aliyezoea kuuliza hiki ni mali au ni matumizi anaona kwamba swali ni lilelile la muhula wa kwanza, limevaa suti.

Ipo mada moja inayotisha kuliko zote mwaka wa pili: kodi iliyoahirishwa. Ianze na kompyuta moja. Kampuni imenunua kompyuta kwa 2,400,000 na kuipangia maisha ya miaka minne, hivyo uchakavu wa mwaka ni 600,000. TRA haiutambui uchakavu huo. Sheria ya Kodi ya Mapato inaiweka kompyuta katika kundi la kwanza na kuruhusu asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, yaani 900,000 mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kwenye vitabu kompyuta imebaki na 1,800,000, na kwa hesabu za kodi 1,500,000. Tofauti ni 300,000. Kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha asilimia 30, kuna 90,000 ambazo kampuni haikulipa mwaka huu lakini itazilipa mbeleni. Hizo 90,000 ni deni, na huwekwa kwenye mizania. Ukiielewa kompyuta hii, mitambo ya kiwanda kizima haitakusumbua. Ni idadi tu inayoongezeka.

Hatua ya sita: panga wiki yako kuzunguka maswali

Uhasibu hausomwi ukiwa umelala kitandani na desa mkononi. Desa lenye jibu lililokamilika huleta udanganyifu mtamu: kila mstari unaonekana wazi, unatikisa kichwa, unafunga, na ukipewa karatasi tupu hujui uanzie wapi. Funika jibu. Jaribu swali hadi mwisho, hata kama unajua unakosea, kisha linganisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Yale uliyokosea yaandike kwenye kaunta buku ya pili. Wiki ya mitihani utasoma buku hiyo peke yake.

Diskasheni ni nzuri ikiwa kila mmoja amekuja ameshajaribu. Masomo hutolewa kwa Kiingereza, na wapo wanaojua hesabu lakini hupoteza alama kwenye maswali ya maelezo. Dawa yake ni kumweleza mwenzako hoja kwa Kiswahili mpaka akubali, halafu mkae wote muiandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Anayeanza na Kiingereza kabla ya hoja huishia kukariri aya za watu.

Mgawanyo wa kawaida ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Usizichezee zile 40. Ndizo zinazokukinga na sup, yaani mtihani wa marudio. Na katika chumba cha mtihani fuata saa. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama, hivyo swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, ondoka. Mizania isipolingana, iache hivyo hivyo na uende swali linalofuata, kwa kuwa kutafuta tofauti ya 45,000 kwa nusu saa hukupa alama moja na kukunyima kumi. Onyesha ukokotozi wako kila hatua: msahihishaji hutoa alama kwa njia sahihi hata kama jumla ya mwisho imekosewa, lakini hawezi kusahihisha kilichobaki kwenye kikokotoo chako.

Hatua ya saba: nenda field ukitaka kazi, usiende kutafuta muhuri

Kila mwaka wapo wanaorudi na ripoti iliyogongwa mihuri yote, na walichofanya kwa wiki nane ni kutoa fotokopi na kuagizwa chai. Sehemu ya lawama ni ya ofisi, lakini sehemu ni ya mwanafunzi aliyekaa kimya. Fika mapema, wasalimie watu wote, na mtafute mtunza hesabu wa siku nyingi, ambaye mara nyingi si bosi. Ukimwambia, “Shikamoo mama. Naomba nikusaidie kulinganisha hesabu za benki za mwezi uliopita, ukiona nimekosea unielekeze,” ni nadra kukataliwa. Ulinganisho wa benki, yaani kutafuta kwa nini daftari la fedha linasema hivi na taarifa ya benki inasema vile, utakufundisha ofisi nzima: hundi ambazo hazijawasilishwa, makato ya benki ambayo hayakuandikwa, na malipo ya mteja ambaye hajulikani ni nani.

Ukiweza kuchagua, mwaka mmoja nenda halmashauri au taasisi ya umma, mwingine nenda kampuni binafsi au ofisi ya wakaguzi. Serikalini utakutana na viwango vya sekta ya umma, IPSAS, mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, na mfumo wa malipo wa MUSE. Huko kwingine utakutana na Tally au QuickBooks, risiti za EFD, na ritani za kodi ya ongezeko la thamani. Popote utakapokwenda, jifunze Excel kwa bidii. Programu za uhasibu hubadilika kutoka ofisi moja hadi nyingine. Excel utaikuta kote.

Hatua ya nane: mwaka wa tatu, soma hesabu za kampuni za kweli

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam huchapisha taarifa zao za mwaka, na hupatikana bure kwenye tovuti zao. Pakua ya CRDB au NMB, na nyingine ya kiwanda kama Twiga Cement. Usianze na picha za wakurugenzi. Anza na ripoti ya mkaguzi, kisha sera za kihasibu, kisha maelezo ya nyuma yenye namba ndogondogo. Benki itakuonyesha jinsi IFRS 9 inavyolazimisha kukadiria mikopo itakayokwama kabla haijakwama. Kiwanda kitakuonyesha uchakavu na bidhaa zilizoko ghalani.

Hapo ndipo hesabu za kundi la makampuni zinapoanza kuwa na maana. Darasani huonekana kama jedwali la kukariri. Fikiria kampuni mama iliyonunua mali kwa 8,000,000 ikaiuzia kampuni tanzu kwa 10,000,000, na mali hiyo bado iko stoo ya kampuni tanzu mwaka unapofungwa. Kila kampuni peke yake ina urari safi. Ukizijumlisha tu, kundi limejipatia faida ya 2,000,000 kwa kuhamisha maboksi kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Faida hiyo huondolewa mpaka auziwe mtu wa nje.

Hatua ya tisa: anza CPA kabla shahada haijapoa

Shahada hii haikufanyi mhasibu aliyesajiliwa. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Mitihani yake ya CPA hufanyika Mei na Novemba. Mhitimu wa shahada ya uhasibu inayotambuliwa na bodi huruka ngazi ya msingi na kuanzia ya kati, kisha humalizia ngazi ya mwisho. Kabla hujajiunga na chuo, hakikisha shahada yako inatambuliwa, na ukiwa mwaka wa pili chukua mtaala wa NBAA uuweke kando ya ule wa chuo. Utaona masomo yanafuatana kwa karibu sana: uhasibu wa fedha, ukaguzi, kodi, usimamizi wa fedha. Maswali ya zamani ya bodi ni mazoezi mazuri hata kwa mtihani wa chuo, kwa sababu ni magumu zaidi.

Kosa la kawaida ni kusubiri ajira kwanza. Mtu anapata kazi, anaoa au anaolewa, anaanza ujenzi Chanika, na kiwango kimoja cha IFRS baada ya kingine kinabadilika akiwa hasomi. Kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, mwenye shahada ya uhasibu peke yake huomba nafasi ya Afisa Hesabu. Nafasi ya Mhasibu hudai CPA(T). Ukimaliza mitihani ya mwisho ya chuo, jisajili kwa kikao cha mitihani ya bodi kilicho karibu, wakati kaunta buku zako bado ziko mezani.